Sekela, Neno Letu Limenishinda

Iringa, Jumatano mchana

Sekela,

Leo nimewatoa wasichana wa darasa la saba nje kabla ya kengele. Mwalimu Mkuu akawakuta wanaruka kamba katikati ya kipindi cha Kiingereza, akaja mpaka dirishani kuniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Kichwa changu ni kizima kabisa. Nilichoshindwa ni kufundisha kitenzi kimoja, kile chetu, "keep". Nimekifundisha miaka yote hii bila hata kufungua kitabu, na leo nimesimama na chaki mkononi nikakosa pa kuanzia.

Wewe umelala nyuma ya kanisa tangu kipupwe cha mwaka jana na hakuna anayekuletea habari, kwa hiyo nitakueleza mimi. Nitaanza na lile kubwa, maana najijua, nitazunguka nalo mpaka jioni. Atupele hayuko kwangu tena. Mama mkwe wako alikuja kumchukua, na Jumamosi wameondoka naye. Mwanao yuko Tukuyu.

Basi, nimelisema. Nilidhani nikiliandika litapungua, wala.

Nirudi darasani kidogo, kisha nitakuja kwa mtoto. Bado nafundisha vile alivyotufundisha Bibi Vitenzi. Ulikuwa unanicheka, ukisema nimerithi kila kitu chake isipokuwa soksi. Unamkumbuka yule mama wa Kizungu, mrefu, soksi za sufu mwaka mzima hata jua liwake vipi? Tulimpa jina hilo kwa siri, akalijua, na nadhani alilipenda. Kila muhula alitugawa wawili wawili, na kila jozi ikapewa kitenzi kimoja kifupi cha Kiingereza, vile vya kila siku ambavyo ndivyo vinavyosumbua. Ikifika Ijumaa mnasimama mbele ya wenzenu mnaonyesha maana zake kwa vitu na kwa vitendo, bila neno la Kiswahili wala la nyumbani kwenu. Tafsiri hakuitaka. Alisema anayetafsiri ana haraka ya kwenda kula.

Wenzetu walipewa "run", wakakimbia kuzunguka shule nzima tukawashangilia. Wengine walipewa "break", wakavunja chungu, wakavunja kuni, na kwa bahati mbaya wakavunja na kioo cha dirisha. Sisi tukapewa "keep". Uliniinamia ukaninong'oneza, "Edina, hiki hakifanyi kitu. Kimekaa tu." Mimi nililia kwa hasira nyuma ya bweni, nataka "run", mtoto mjinga mimi. Wewe ukasema ngoja, tutakifanyisha kazi.

Na kweli ulikifanyisha. Kuonyesha kufuga ulileta kuku mzima wa jikoni, akaponyoka, akaingia chini ya meza ya Bibi Vitenzi, akakataa kutoka mpaka kipindi kikaisha. Kuonyesha kwamba kitu kinakaa au hakikai, uliacha bakuli la maziwa dirishani tangu mwanzo wa juma, na Ijumaa ukalipitisha puani kwa kila msichana. Wawili walitoka nje mbio. Maana ya kunyamaza ulininyang'anya mimi, ukasema hiyo utaionyesha mwenyewe. Ukasimama mbele ya darasa umefumba mdomo, sisi sote tunangoja upasuke, na hukupasuka. Bibi Vitenzi alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Sijui kama uliwahi tena kunyamaza hivyo ukiwa macho.

Halafu alitutuma tukatafute ndugu wa neno letu, yale maneno ya Kiingereza yanayofanana nalo. Likizo ile ulikuja nasi Kilolo, kwa kuwa kwenu kulikuwa mbali mno na nauli ilikuwa ngumu. Tukaandika "hold", "store", "guard", "save", tukaenda nayo kwenye kihenge cha mahindi cha mama yangu. Ukasema "store" ni kujaza kihenge na kwenda zako. "Guard" ni kukaa pale na fimbo kwa sababu ya nyani. "Hold" mikono itachoka tu, ni suala la muda. "Save" ni yale mahindi ya mbegu ambayo mama hayagusi hata tule majani. Nikakuuliza, na letu je? Ukakizunguka kihenge, ukaingiza mkono chini kuona kama kuna unyevu, ukasema, "Letu ni huku kuja kutazama kila siku hata kama hakuna kilichobadilika." Mama yangu akaniuliza kwa Kihehe huyu Mnyakyusa anaongea nini na mahindi. Nikamwambia anasoma.

Leo asubuhi wasichana waliopewa kitenzi hicho wamefanya vizuri tu. Wameleta yai, wameleta Biblia kwa ajili ya kuishika Jumapili, wamefunga mlango kuzuia baridi. Nikawa natikisa kichwa, vizuri, endeleeni. Kisha mmoja wao, mpole sana, akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyote ni kazi moja au ni kazi nyingi?" Nilifungua mdomo nimjibu, na mbele yangu nikamwona Atupele amesimama na sweta lake la kijani. Nikawaambia nendeni mkacheze.

Sasa mtoto.

Ulipopelekwa hospitali na kile kichomi, ulikuwa na hakika ya kurudi. Ulichukua kitana na khanga moja. Ulinikataza nisimpe jirani ile sufuria ya uji kwa sababu hairudishi vitu vya watu. Na kuhusu Atupele ulisema, "Kaa naye mpaka nitoke." Ni hivyo tu. Alikuwa mgongoni mwangu amelala na wewe hukutaka tumwamshe. Kama ungejua, najua ungesema mengi, wewe ambaye hata kuagiza chumvi ulikuwa unatoa hotuba.

Nimekaa naye. Hujatoka, na mimi nimekaa naye. Mwanzoni alikuwa anakwenda mlangoni pa chumba chako kila jioni anagonga kwa kiganja, na mwalimu mgeni aliyepewa chumba kile akawa anamfungulia kwa upole, anamwonyesha kwamba ndani kuna mtu mwingine. Baadaye akaacha kugonga. Nilishukuru, kisha nikasikia vibaya kwamba nimeshukuru.

Amekua, Sekela. Miguu imekuwa mirefu, magoti ameyachubua yote. Kwa jirani anaongea Kihehe, kwangu anaongea Kiswahili, na akikasirika anachanganya vyote. Anawaogopa bata mzinga wa mchungaji lakini anakwenda kuwatazama kila siku, anasimama mbali anawatukana. Akilala ananisukuma ubavuni kwa nyayo mpaka nikaning'inia ukingoni mwa kitanda. Aliniita Ma Edi. Sikumfundisha, alijitafutia mwenyewe, na kila mtu hapa shuleni akanizoea kwa jina hilo. Nilijua kwamba ana kwao. Nilijua, lakini nilikuwa nakwepa kulifikiria, na kila juma lililopita bila mtu kuja nilihesabu kama ruhusa.

Mumeo, Ambokile, bado hatuna habari zake. Barua ya mwisho kutoka migodi ya shaba ni ile uliyonisomea wewe mwenyewe. Wengine wanasema amehamia Johanesibagi, wengine wanasema amefukiwa, wengine wanasema ameoa huko. Mimi sisemi kitu. Kwao wamengoja, wakachoka, ndipo mama yake akapanda basi akaja, yeye na baba yako mzazi.

Nilijiandaa kumchukia yule mama. Nilikuwa nimeshayapanga maneno tangu niliposikia wamefika kwa mchungaji. Nikaingia, nikamkuta amekaa sakafuni na mkungu wa ndizi kando yake, amezifunga majani ili baridi ya njiani isiziharibu, miguu imevimba kwa safari. Akainuka kunisalimia kwa magoti, mimi ambaye ni sawa na binti yake. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mchungaji. Baba yako ndiye aliyeanza. Alikuwa haniangalii usoni. Akasema, "Mwalimu, mimi nilipokea ng'ombe ya watu. Nilikunywa maziwa yake. Mtoto iko ya kwao, siwezi simama mbele ya watu nikasema hapana." Nilitamani kumjibu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kwenu ndivyo ilivyo na kwetu Wahehe ndivyo ilivyo, ng'ombe wa mahari wakishatoka mtoto ni wa ukoo wa baba, awepo baba asiwepo. Hata mama yangu kule Kilolo, niliyemtumia salamu aje kunisaidia kubisha, alijibu tu kwamba anasikitika.

Lakini nilibisha, unanijua. Nilisema mtoto ameshazoea. Nilisema Kinyakyusa hakijui. Nilisema hapa kuna shule, mimi nitamsomesha mpaka awe mwalimu kama mama yake, nani kule atamkalisha chini amfundishe? Mama mkwe wako akasikiliza mpaka mwisho, akatafsiriwa yale ambayo hakuyapata, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, kwetu shule iko. Maziwa iko. Bibi iko. Wewe mzuri, lakini wewe iko chumba, haiko nyumba." Hakusema kwa ubaya. Nikaangalia chini. Ni chumba, Sekela, wewe unakijua, ukifungua mlango unagonga kitanda.

Ndipo mchungaji akaniuliza, "Marehemu alikuachia neno gani kuhusu mtoto?"

Chumba chote kikanigeukia. Nataka ujue kwamba nilikuwa nalo jibu jingine mdomoni. Hapakuwa na shahidi hospitalini isipokuwa mimi na mtoto aliyelala. Ningesema ulinishika mkono ukaniambia nimlee awe wangu, nani angebisha na maneno ya mtu anayekufa? Baba yako aliinua macho akaniangalia kwa mara ya kwanza, na nikaona anataka niseme. Naapa alitaka. Nikafungua mdomo, nikasema, "Alisema nikae naye mpaka atoke."

Mchungaji akatikisa kichwa. Akasema, "Ahsante kwa kusema kweli, Mwalimu. Lakini nisikudanganye, hata angesema vinginevyo mtoto ana kwao." Kwa hiyo hata uongo usingenisaidia. Najiambia hivyo nifarijike, na inanifariji kidogo tu, halafu inaniuma upya, kwa maana maneno yako, yangekuwa haya au yale, hayakuwa na uzito wowote pale sebuleni. Wala yangu.

Baadaye nilimfuata mama mkwe wako uani, alikokuwa anamwosha Atupele miguu kwenye beseni. Nilikwenda na hasira yangu ya mwisho mwisho. Akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu alienda kwa shaba, hakurudi. Mke wake alikufa. Iko nini nyumbani kwangu? Iko moshi tu. Sasa Mwalimu, huyu nikuachie wewe, mimi nikae na nani?" Nilisimama pale. Nikachukua kitambaa nikaukausha mguu mmoja na yeye akaukausha wa pili.

Nilifunga vitu vyake Ijumaa. Sweta, magauni mawili, kile kikombe cha bati anachokililia. Khanga yako ile uliyokwenda nayo hospitali nimempa bibi yake ambebee. Niliamua nisilie mbele ya mtoto, nikapiga moyo konde, nikawa nampigia hadithi za basi, jinsi litakavyopita Mafinga na kile kibaridi chake, litakavyoshuka mpaka Mbeya, atakavyolala kwa ndugu wa babu na kesho yake kupanda tena kwenda kwenye ndizi nyingi. Alifurahi, Sekela. Aliwaaga bata mzinga. Jirani yetu, yule yule asiyerudisha vitu, alikuja na mayai ya kuchemsha kwa ajili ya njiani, na alilia kuliko wote.

Hilo ndilo kosa nililofanya, kumhadithia safari vizuri mno. Hakuelewa kwamba siendi.

Pale stendi kulikuwa na ukungu, basi la Mbeya limewashwa, utingo anapakia magunia juu. Bibi yake akapanda kwanza, nikampitishia mtoto dirishani kama wanavyofanya watu, akapokelewa. Akakaa. Kisha akamsukuma bibi yake kwa kiwiko, akasogea, akabana kabisa mpaka ukutani, akaipigapiga nafasi ile tupu kwa kiganja. "Ma Edi, hapa. Panda. Nimekuwekea." Mwanamume mmoja alitaka kukaa pale, mtoto akaweka mkono juu ya kiti akamkazia macho kama unavyokazia wewe. "Ya Ma Edi hiyo." Yule mwanamume akarudi nyuma, hakukaa. Bibi yake aliniangalia juu ya kichwa cha mtoto, machozi yanamtiririka.

Ningesema nini? Nilisema, "Nakuja." Utingo akapiga bati, basi likaondoka, na mpaka linakata kona mkono wake ulikuwa bado juu ya kile kiti.

Nimekaa hapa tangu mchana sijainuka. Wasichana wameniletea chai, imepoa. Mwalimu Mkuu ameniambia nichukue siku mbili za kupumzika, nikamwambia nitazifanyia nini, chumba chenyewe kina ukimya ambao siuwezi. Kesho nitaingia darasani nimjibu yule binti. Nitamwambia sijui kama ni kazi moja au nyingi. Nitamwambia mimi mwenyewe nilisoma na msichana aliyejua, na angekuwepo angemjibu.

Bibi yake ameniomba nisiende mapema. Mtoto azoee kwanza, amesema, ukija sasa utaniharibia. Nimekubali, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sina la kufanya. Sitakwenda likizo hii ya Juni. Nitakwenda Desemba, na Desemba ni mbali mno kwa mtoto wa umri ule. Huenda nitamkuta anaongea Kinyakyusa kitupu, amejificha nyuma ya nguo ya bibi yake, ananichungulia kama mgeni wa serikali. Hilo limeniogopesha kuliko yote, na sina dawa yake.

Lala, Sekela. Jumapili nitakuja kung'oa majani pale kwako, mvua za mwisho zimeyakuza. Na hili nakuahidi: Desemba nitapanda basi lile, nitafika Tukuyu, na kama hanijui nitakaa uani kwa bibi yake mpaka anijue, wakinipa kazi ya kumenya ndizi nitamenya. Niliposema "nakuja", mwanao aliniamini.

Edina wako